Magurudumu ya Lori la Elias

Majirani wa Stanislausi Kwangu pale Nyasho mpaka leo hawajaipatia jina kazi yake. Wanasema tu, yule wa mabasi. Ni mabasi madogo ya kuweka mezani, yaliyofanana kabisa na yale yanayopita Bunda kwenda Mwanza, na wanaoyanunua ni watu wazima, wala si watoto.

Bodi anaichonga kwa mbao. Taa, vioo na magurudumu anamimina. Anachonga gurudumu moja, analiweka kwenye kikasha na kulimwagia silikoni, ute mzito ambao ukiganda unakuwa kama mpira laini. Akilichomoa, shimo linalobaki ndiyo kalibu yake. Humo anamimina resini, nayo inakauka ngumu kama plastiki. Kalibu moja inamzalia magurudumu hata ya mabasi kumi, yote mapacha.

Siku hiyo alikuja mama mmoja kutoka upande wa Butiama, Ghati jina lake, na kifurushi cha kanga kwapani.

"Wewe ndiye fundi wa mabasi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Mimi sina basi. Nina lori."

Akafungua kanga. Lilikuwa lori la mbao la kuchezea, limechongwa kwa kisu butu, limebaki na gurudumu moja. Gurudumu lenyewe lilikatwa kwenye katambuga, ile ndala ya tairi, na juu yake nati zimechorwa kwa msumari, nyingi upande mmoja na upande wa pili moja tu.

"Alikata katambuga la baba yake," Ghati alisema. "Alichapwa siku hiyo, we acha. Na bado akaliendesha lori lake huku analia."

Huyo ndiye Elias, mwanawe. Alikua, akaenda kuchimba dhahabu Buhemba, na mvua zilipozidi duara, lile shimo la wachimbaji, likamfukia. Wenzake walichimba kifusi mpaka kikaanza kuwafukia na wao, wakaacha. Kwenye ukoo wao, mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba. Shina linakatwa kwa urefu wake, linavishwa sanda, linaliliwa.

"Sitaki mgomba," alisema Ghati. "Mgomba hata mwizi anazikiwa. Mwanangu alikuwa na mikono, na hii ndiyo kazi ya mikono yake. Baba yake amekubali tuzike lori, ila amesema liwe zima. Kitu kibovu hatuzikagi. Nitolee matatu kama hili, baba. Mazishi ni Jumamosi."

Stanislausi akasema Ijumaa yatakuwa tayari. Kazi aliiona nyepesi.

Silikoni yake ya siku zote ilikuwa imekwisha. Alikuwa na kopo jipya la aina nyingine, ambalo muuzaji wa Mwanza alimsifia kwamba kalibu yake haisinyai. Kwa kawaida kitu kigeni hukijaribu kwanza kwa tone pembeni, aone kama kinaganda. Safari hii, kwa sababu ya haraka, akamwaga moja kwa moja.

Kesho yake pembeni mwa kikasha palikuwa pameganda vizuri. Katikati, pale penye gurudumu, palikuwa mlenda. Akangoja mpaka jioni, mlenda ukabaki mlenda. Akampigia muuzaji.

"Ulimwagia juu ya nini?"

"Mpira wa tairi."

"Ah, kaka. Hiyo na mpira wa tairi hawapatani. Hapo haigandi mpaka kiama."

Akalitoa gurudumu, likiwa limejaa ute kwenye kila mkwaruzo wa msumari. Akafanya alivyozoea kufanya na kila kitu chenye gundi, akalilowesha kwenye petroli. Alipokuja kulitazama lilikuwa limevimba kama andazi, na alipolisugua kidogo kwa kidole, nati zote zikatoka na kidole. Likamegeka vipande viwili.

Akakaa chini.

Kisha akachonga jingine kwa mbao, kwa kukumbuka tu, na nati akazichora ovyo kama zilivyokuwa. Kwenye mbao silikoni haikugoma, ikaganda. Akamimina manne, akayapaka weusi, akayafunga, na lori likasimama.

Ghati alipokuja Ijumaa alimweleza yote, akampa na vile vipande. Mama alivigeuza kiganjani.

"Uliosha na petroli."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuninyamazia tu?"

Ghati akafunga lori ndani ya kanga. "Twende hivyo hivyo. Baba yake siku hizi haoni vizuri."

Stanislausi hakuweza kubaki Nyasho. Jumamosi alikuwa kule msibani, nyuma ya watu, lori lilipowekwa mikononi mwa Mzee Mwikwabe, baba yake Elias. Mzee hata hakulitazama. Alilipapasa, gurudumu moja, la pili, la tatu, la nne, akarudi la kwanza.

"Haya kakata nani? Elias hakukataga mawili yakafanana."

Ghati aliinamisha kichwa. Stanislausi akasogea mbele. "Mzee, la kwake niliharibu mimi."

"Sikulaumu, kijana. Ila nikiyazika haya, nimezika ya kwako." Akamrudishia mkewe lori. Kisha akawaambia vijana wakakate mgomba.

Mgomba ukalazwa uani. Mwenye panga akauliza urefu, na watu wakatazamana, maana kila mmoja alisema lake. Mwisho Ghati akainuka, akalala chini kando ya shina, miguu sawa na mwanzo wake. Akanyoosha mkono kupita kichwa chake na kuweka kiganja juu ya gome.

"Hapa," alisema. "Alikuwa ananipita hivi."

Mwenye panga akamwomba Stanislausi ashike upande wa kichwani, shina lisicheze. Akapiga magoti, akashika.