Glasi Nne na Kikapu Kimoja

Nilikulia Nshamba katikati ya mibuni, na mpaka naingia chuo kikuu sikuwahi kunywa kahawa. Kwetu kahawa huuzwa au hutafunwa. Ya kutafuna, akamwani, huchumwa kabla haijaiva, huchemshwa na majani yenye harufu kali, kisha huanikwa. Mgeni akifika huletewa kikapu kidogo, achote punje chache, kisha akipitishe kwa aliye karibu naye. Kuinywa tuliwaachia Wazungu, na nilikuwa natamani sana kujua wanafaidi nini.

Aliyenionjesha ni mtawa wa Kiitaliano niliyekuwa nikimfundisha Kiswahili huko Kashozi wakati wa likizo. Siku moja alinipa kitu baridi, kitamu: biskuti zilizochovywa kwenye kahawa nzito, krimu iliyopigwa pamoja na viini vya mayai na sukari, na unga wa kakao juu. Lakini kilichonishangaza kuliko utamu ni kwamba kila mtu mezani alikuwa na glasi yake ndogo, na hakuna aliyechungulia ya mwenzake. Nikaomba maelezo, nikayaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu.

Nilikuwa na sababu. Shangazi yangu alikuwa amerudi nyumbani kutoka mjini, Kashai, akiwa amekonda, na ugonjwa wake tulikuwa tukiuita "ule" tu. Sisi wengine tulikula ndizi kwenye sinia moja. Yeye alikuwa na sahani yake na kikombe chake chenye mstari wa buluu. Hakuna aliyetoa amri. Siku moja tu tuliikuta sahani ipo. Kikapu cha akamwani nacho kikaanza kumpita. Nikawaza: kila mtu akiwa na glasi yake, shangazi atakula kama sisi, walau siku moja. Nilijiona mvumbuzi.

Jumapili baada ya misa nikaanza kazi. Mama alinipa glasi nne kutoka katika seti aliyoifukia migombani wakati wa vita. Krimu niliiengua kwenye maziwa yaliyolala. Viini na sukari nilivipiga juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka mkono ukafa ganzi. Kikwazo kilikuwa kahawa, maana iliyoanikwa uani ilikuwa haijakauka. Nikachukua ile ya kikapuni, nikaikaanga na maganda yake, nikaitwanga.

"Unachoma kahawa ya wageni?" bibi aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo, bibi. Nataka iwe nyeusi."

"Imekuwa. Huko chuo kikuu wanawafundisha kuunguza chakula?"

Nilizipoza glasi kwenye karai la maji ya chemchemi, nikaziandaa kwenye mkeka: ya bibi, ya mama, ya shangazi na yangu. Tukaonja. Mama akageuka kutazama migomba. Ilikuwa dawa ya minyoo yenye sukari.

"Wifi, meza tu," shangazi alimwambia. "Hii ni akamwani iliyovaa suti."

Tukacheka sana. Kisha shangazi akazitazama glasi, moja moja.

"Kwa hiyo, mwana wa kaka, leo tumetengwa sote?"

Alisema huku bado anatabasamu. Nikaanza kueleza desturi za Waitaliano, sentensi ikanifia njiani. Bibi akaweka glasi chini, akaingia ndani, akarudi na kikapu. Zilikuwamo punje ambazo sikuzifikia.

"Kahawa hii hailiwi kwa kijiko," alisema, akamnyooshea shangazi.

Shangazi hakugusa. Alikuwa akimtazama mama yake usoni.

"Chukua, mwanangu. Mkono unanichoka."

Shangazi akachota. Bibi akaingiza vidole vyake palepale vya binti yake vilipotoka, akatia punje mdomoni, akatafuna. Mama akafuata.

Kikapu kikanifikia mimi, msomi, niliyekuwa nimesoma vijitabu viwili na kujua vizuri kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa chakula. Mkono wangu ukachelewa. Si sana, ni muda wa kumpangusa sisimizi begani, sisimizi ambaye hakuwapo.

Shangazi aliona.

"Usiogope, hizi hazikuungua," alisema, akanisogezea kikapu. "Chagua."