Chembe za Nguzo ya Kipini

Hiribae wa Kulesa, kijiji cha kando ya Tana, alikuwa mtu wa kugonga. Ukimwalika kwako, kabla hajakusalimu ameshagonga nguzo ya mlango kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio na kufumba macho kama anayedukua ugomvi wa jirani. Akimaliza ndipo anakukumbuka: "Aa, hamjambo humu?" Wenye nyumba hawakuitika. Walikuwa wakingoja hukumu.

Ilikuwa miaka ile ambayo wakubwa wa Ulaya waligombania Kipini na mdomo wa mto Tana kwa wino na vitambaa vya rangi. Leo inapanda bendera hii, kesho ile. Mchwa hawakupewa taarifa. Wao walitawala toka Kipini hadi Ndera bila mkataba wowote, na serikali yao ilikuwa ya pekee iliyoingia kila nyumba na kuchukua fungu lake bila kumtuma askari.

Hiribae aliwajua kwa tabia, kama mtu anavyowajua mashemeji. Kulikuwa na mchwa wa nyasi, wanaotoka mchana kweupe kukata majani na kuyaburuta shimoni. Hao wezi wa malisho tu, nyumba hawana haja nayo. Kulikuwa na wale wa kichuguu, askari wao wana vichwa vyekundu vikubwa, wakikuuma kidole hawaachii mpaka uwakate shingo. Mvua ikinyesha hao hutoa kumbikumbi, na Kulesa nzima hula ikashiba, kwa hiyo walisamehewa mengi. Na kulikuwa na wa chini kwa chini, wasioonekana kamwe, wanaopanda nguzo ndani ya vijia vya tope vyembamba kama mishipa ya mzee. Ukiona kijia, kivunje. Kesho kikiwa kimejengwa upya, wamo. Gonga: nguzo nzima hujibu kama mtu aliyeshiba, iliyoliwa hujibu kama mtungi.

Baada ya hayo yote alitoa hukumu yake, ileile siku zote. Ama, "Ng'oeni." Ama, "Hakuna tope. Hakuna mchwa. Laleni."

Na watu walilala.

Mke alimpata Kipini, alikopeleka mahindi kwa mtumbwi. Mwanasha alikuwa na ulimi mkali na mikono myepesi, na baba yake alikuwa na masharti. Hiribae akaslimu, akanyoa, akajifunza kuvaa kanzu bila kuikanyaga. Mkwe aliridhika kidogo, si sana. Siku ya kuondoka akamtolea nguzo moja nene, iliyong'olewa kwenye nyumba ya babu yake, ngumu na nyeusi kwa moshi wa miaka.

"Mwanangu hatalala juu ya vijiti vya porini," alisema. "Chukua hii. Imekauka tangu mimi sijazaliwa. Mchwa wangeitaka, wangeshaila."

"Nitaipima, mkwe," alijibu Hiribae.

"Utanipimia nguzo ya babu yangu?"

"Kwetu hata bwana harusi hupimwa."

Na kweli walipima. Pale Kulesa, nguzo ngeni haikuingia nyumbani kabla haijapita kwenye kichuguu. Huchimbiwa mguu wake pembeni mwa kichuguu, ikaachwa hapo tangu mavuno mpaka mvua. Mchwa wakiila, ni kuni. Wakiikataa, hung'olewa kwa vigelegele na kuletwa nyumbani kama mwali. Kichuguu kilichotumika kilikuwa nyuma ya kiwanja cha Hiribae, kirefu kuliko mtu, na hakuna kadhi aliyewahi kuheshimiwa kama hicho. Nguzo ya Kipini ilikaa pale msimu mzima. Ilipotolewa haikuwa hata na alama ya jino.

Akaisimamisha ndani ya nyumba yake ya pembe nne, katikati, ibebe kichwa cha uchaga. Uchaga ni lile jukwaa la miti ambalo watu wa mtoni huhamia mto ukifurika. Vyungu juu, kuku juu, watoto juu, moto unawashwa juu ya udongo uliokandikwa, na maisha yanaendelea huku maji yakipita chini kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Hakuna aliyeyakimbia. Mafuriko ndiyo yaliyoleta rutuba ya mpunga na mahindi. Kitu kimoja tu kilitakiwa: nguzo isimame.

Wakazaliwa watoto, wakafa wakiwa wachanga, akabaki msichana mmoja. Jina lake Binti, basi. Mama yake alitaka kumwongezea jina la bibi, Hiribae akakataa: "La nini, na yeye ni mmoja?"

Binti alikuwa na mtoto wa gunzi la muhindi, aliyevishwa kitambaa, na kila asubuhi alimpikia. Chakula alikipata chini ya nguzo ya Kipini. Palikuwa na chembe kavu, ndogo kama mbegu za mchicha, rangi ya mchanga uliochomwa. Mama alizifagia, kesho zikawepo tena kijilima kidogo. Binti alizizoa kabla ya ufagio kufika.

"Baba Binti," alisema Mwanasha siku moja, ameegemea ufagio, "nguzo yako inakunya."

"Nguzo ya babu yako hiyo. Mwombe radhi."

"Nakwambia kweli. Nafagia, zinarudi. Tizama."

Hiribae akainama. Akapitisha kiganja kwenye nguzo toka juu hadi chini. Hakuna kijia. Hakuna hata doa la udongo. Akagonga kwa chini, pale wanapoanzia mchwa wote aliowahi kuwajua, nayo ikajibu kwa sauti ya kushiba.

"Hakuna tope," alisema. "Hakuna mchwa."

"Na hizi?"

"Wali wangu!" alidakia Binti, akamjazia baba yake kiganja. "Kula."

Hiribae akazishika zile chembe kwenye mwanga. Zilikuwa nzuri, zote saizi moja, zina vipembe kama zimechongwa na fundi. Akazipeleka mdomoni, akatafuna hewa kwa kelele.

"Tamu?" aliuliza Binti.

"Tamu. Ila umesahau chumvi."

Mwanasha akasonya. "Mtu na akili zake analishwa taka." Lakini alikuwa anacheka, akazifagia zilizobaki.

Wakati wa kiangazi Guracha, Muorma, alileta ng'ombe wake mtoni, na hakukosa kupita kumtania Hiribae. Nyumba ya Guracha ilikuwa mikeka na fito, ikivunjwa asubuhi na kupakiwa mgongoni mwa maksai.

"Hiribae, wewe nafanya kazi ya mchwa," alisema, ameegemea mkuki. "Nakata mti, nasimamisha, mchwa nakula. Mimi nyumba yangu nabeba. Mchwa naamka, mimi hapana iko."

"Na mvua ikija unalowa kama mbuzi."

"Nalowa. Kisha nakauka." Akamgeukia Binti. "Wewe mtoto, leo napika nini?"

Binti akamgawia. Guracha naye akala, akashika tumbo, akasema amevimbiwa. Wanaume wazima wawili, mmoja bingwa wa mchwa, walikaa hapo wakila ushahidi.

Mwaka huo mvua za bara zilizidi. Mto ulipanda kwa adabu mwanzo, ukafika kizingitini, ukaingia, na watu wakapanda kwenye chaga zao wakichekana na majirani kwa madirisha. Siku ya pili yake maji yakaacha adabu. Asubuhi Komora, jirani wa upande wa juu, akaita kwamba uchaga wake unalia.

Hiribae akashika upondo, akashuka mtumbwini.

"Tuchukue na sisi," alisema Mwanasha.

"Mtumbwi huu na Komora na wanawe, nitawaweka wapi? Kaeni hapo. Nguzo nimeipima mwenyewe."

"Baba, niletee chumvi," alisema Binti.

Hayo ndiyo aliyoondoka nayo.

Yaliyotokea aliyasimulia Mwanasha, mara moja tu, kwa sauti kama anayesimulia ya watu wengine. Alikuwa anapuliza moto. Binti alitambaa hadi ukingoni kwa nguzo, maana pale chini kulikuwa na maji na chembe zilikuwa haziokoteki tena, akataka kuzikwangua juu kwenye tundu zinakotokea. Nguzo haikulia. Nguzo iliyoliwa na mchwa wa tope hulalamika siku nyingi kabla ya kufa. Hii ilikunjika kimya, kama muhogo uliooza, na uchaga ukainamia upande wa mlango, maji yalikokuwa yakivuta. Vyungu vilienda, moto ukaenda, kuku wakaenda. Mwanasha alishika kanga ya mwanawe. Kanga ikabaki.

Hiribae aliporudi alikuta paa limelala ubavu. Mkewe alikuwa juu ya kichuguu nyuma ya kiwanja, ameketi kileleni, kanga imemzunguka mkononi. Karibu naye kulikuwa na panya, na nyoka mmoja, na jogoo. Siku hiyo hakuna aliyemuuma mwenzake. Maji yalipiga ile nyumba ya mchwa toka pande zote, nayo ilisimama. Nyumba ya bingwa ndiyo iliyoanguka.

Alimwangalia mumewe mpaka mtumbwi ukagusa udongo.

"Haikuwa na tope, Baba Binti," alisema.



Guracha ndiye aliyempata Binti, katika matete mbali kule chini, alipokuwa akitafuta ndama. Watu wa Kulesa walimfuata na mtumbwi wamchukue mtoto. Akakataa. Alikuwa amemfunga kwa shuka yake, maji yanamfika kifuani.

"Mimi nabeba," alisema.

Akabeba hadi kwenye mwinuko wa makaburi, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kumtania mtu, na alipomweka chini alisimama tu, mikono ikiwa bado imekunjwa vilevile.

Maji yalipopungua Hiribae aliipasua nguzo. Mguu wake, ule alioupiga kila mara, ulikuwa mzima kama siku ya kwanza. Kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu lilikuwa ganda, jembamba kama la yai, na ndani yake vyumba, kimoja baada ya kingine, visafi, vikavu, havina hata punje ya udongo. Vilikuwa vimejaa wali. Katikati walikuwamo wenyewe waliounya: mchwa weupe, wachache tu, wazito wa kutembea, ambao hawakuwahi kugusa ardhi ya Kulesa wala kuhitaji tone la maji yake. Walikuja wamo humohumo, toka Kipini, zawadi ndani ya zawadi. Kichuguu hakikukosea. Kilikataa nguzo ile kwa sababu ilikuwa kavu na ngumu, na hao waliipenda kwa sababu hiyohiyo. Hiribae ndiye aliyemuuliza kadhi kuhusu kesi isiyo yake.

Arobaini ilipotimia kaka zake Mwanasha walikuja na mtumbwi mkubwa kumchukua. Hakugombana na mtu. Alifagia kiwanja, akafagia mahali nyumba ilipokuwa, akasimama kidogo pale penye shimo la nguzo, akafagia napo ijapokuwa hapakuwa na kitu. Kisha akauegemeza ufagio kwenye kichuguu, akashuka mtoni.

Watu walidhani Hiribae ataacha kazi. Hakuacha. Ila alianza kuifanya kiajabu mpaka wengine wakasema maji yameingia kichwani. Alikuwa hagongi tena. Aliingia nyumbani kwa mtu, akatoa salamu kamili, akawauliza wanawake wamefagia nini na wametupa wapi, akaenda jalalani kuchambua kwa vidole. Ungaunga laini kama wa sembe, akasema ni dumuzi, mla mahindi, si mchwa. Mbawa, akauliza zimeanguka lini. Na kama kuna watoto wanacheza uani, aliketi chini kwao, na mifupa yake mizee inalia.

"Leo mmepika nini?"

Wakimpa mchanga alishukuru. Wakimpa majani alishukuru, akatafuna hewa, akasifu.

Nyumbani kwa mtu mmoja wa Golbanti, msichana wa umri uleule alimmiminia chembe kavu kiganjani, zote saizi moja, zenye vipembe. Hiribae alizitazama muda mrefu. Baba wa nyumba akasogea, akasogea na mkewe.

"Wamo?" aliuliza yule mtu.

"Mtoeni mtoto nje," alisema Hiribae. "Kisha mng'oe kila kilichokuja kutoka pwani."

Watu wakakimbilia mashoka. Msichana alikuwa bado amesimama mbele yake, anangoja.

"Hujala," alimwambia. "Si tamu?"

Hiribae akafumba kiganja. Akakishika kifuani hivyohivyo, mpaka mama mtu alipokuja kumwondoa mwanawe.