Jina Nililoliacha Lukwangule

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na jina jingine. Hili la Pili nililipata baadaye, nilipokuwa nang'oka meno ya mbele, na kila anayejua kwamba mimi ndiye kifungua mimba wa mama yangu huniuliza: kama wewe ni Pili, Mosi yuko wapi? Kwa miaka mingi nilijibu kwamba Mosi alikuwa mvivu, akakataa kuzaliwa. Watu walicheka, nikapona maswali. Sasa nimezeeka, mzaha wenyewe umenichosha, na mwaka huu nimepata sababu ya kusema kweli.

Jina lile la kwanza lilikuwa la bibi, mzaa mama. Kwetu Uluguru mtoto huhesabiwa upande wa mama, na ardhi vivyo hivyo, na majina pia. Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kwa bibi huko Mgeta, nikalelewa naye. Alikuwa somo yangu, na hivyo ndivyo alivyoniita, "Somo", nami nikamwita vilevile. Majirani walicheka kumsikia mwanamke mwenye mvi na kitoto chenye kamasi wakiitana kama wanawali waliochezwa unyago siku moja. Jina lenyewe tulilitaja kwa nadra sana, kama watu wanaokula chungu kimoja wasivyoulizana habari za chungu.

Wakati ule ulikuwa wa Mdachi. Reli ilikuwa imekwisha kufika mjini Morogoro, lakini sisi wa juu tuliisikia tu kwa waliokwenda kuuza mboga. Mlima ulikuwa na sheria zake, za zamani kuliko Mdachi, na kubwa kati ya hizo ilikuwa hii: ukishaingia msitu wa juu, mpaka utakapotoka upande wa pili, usimwite mtu kwa jina lake. Mlima unasikia. Jina likiitwa kule juu, mwenye jina hamalizi mwaka. Anayemtafuta mwenzake hugonga fimbo kwenye mti au jiwe, mara tatu, naye mwenzake hujibu kwa kugonga. Aliyepotea hukaa chini papo hapo akangoja kufuatwa. Bibi alinifundisha hayo kabla sijajua kusonga ugali, na mimi niliyashika nusu nusu, kama mtoto anavyoshika.

Mama alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima, upande wa Matombo. Baada yangu alizaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakufika siku ya arobaini. Msimu ule wa kupanda, wachuuzi wa chumvi walituletea neno kwamba ana mimba tena, miguu imemvimba hata hawezi kuvaa bangili zake za miguuni, na anamtaka mama yake. Bibi alikuwa mkunga, tena mkunga wa kusifiwa. Kuzunguka mlima kwa chini kulikuwa safari ya siku tano, na njiani askari walikuwa wakikamata watu wabebe mizigo ya serikali. Kukata kwa juu, kupitia uwanda wa Lukwangule, ilikuwa siku mbili. Alipanga mjomba atusindikize, ndugu pekee wa mama aliyebaki, na hirizi akaishona.

Siku moja kabla ya kuondoka jumbe akaja kumchukua mjomba. Amefika Mzungu mmoja anayesafiri kutazama milima, anataka mtu wa kumwonyesha njia ya juu mpaka ng'ambo. Bibi hakulia wala hakumlaani mtu. Alimwuliza jumbe kama huyo Mzungu anapita Lukwangule. Jumbe akasema ndiyo. Bibi akafunga mzigo wake, akasema basi tutafuata nyuma, njia haina mlango.

Ndivyo tulivyosafiri na Mdachi, yeye mbele na sisi nyuma kabisa, nyuma hata ya mbuzi wake wa maziwa. Alikuwa mrefu, shingo nyekundu, na kila tulipopumzika alitoa vyombo vya kioo akachungulia vilele, kisha akaandika. Nilisikia baadaye kwa mjomba kwamba alikuwa ametoka kaskazini, alikoona milima inayotema moto na maziwa yaliyolala ndani ya vilele, na hakuweza kuamini kwamba mlima mkubwa kama wetu hauna kimojawapo. Aliuliza kila kituo. Moto uko wapi? Ziwa liko wapi? Mjomba alimjibu kwa heshima kwamba moto uko nyumbani kwa mama yake, na juu yake kuna chungu cha maharage. Mnyapara aliyekuwa akitafsiri alifikiri kidogo, akatafsiri kwamba hakuna.

Kilichomtisha bibi ni daftari. Asubuhi mnyapara alisimama akasoma majina ya wapagazi mmoja mmoja, kwa sauti ya kuamsha bonde, na kila mtu akaitika. Niliuona uso wa bibi ukibadilika. Halafu nikayasikia majina yenyewe: Kijiko. Mwiko. Kifuniko. Kinu. Kumbe wale vijana, wote wa milimani, walipoandikishwa kule chini walikuwa wamekubaliana wasimpe Mdachi jina hata moja la kweli la kupandishwa mlimani. Mjomba wangu, mtu mzima mwenye watoto, aliitika "Sufuria". Bibi alicheka mpaka akaketi. Akaniambia, "Somo, ukimwona Mdachi anaita jiko zima, ujue watoto wetu bado wana akili."

Usiku tulilala chini ya mwamba, na alfajiri tukaingia msitu wa juu. Sijaona tena mahali kama pale. Miti ilikuwa mifupi, imepinda, imeota ndevu za kijani zinazochuruzika maji, na ardhi ilikuwa laini hata tukawa hatusikii hatua zetu. Kisha miti ikaisha ghafla, tukatokea kwenye majani marefu, mbingu wazi, upepo mkali. Hiyo ndiyo Lukwangule. Katikati ya majani kulikuwa na kidimbwi cha maji meusi, si kikubwa kuliko uwanja wa nyumba. Mdachi alikitazama kwa muda. Nadhani ndilo ziwa lililokuwa limemleta. Nilimhurumia, maana alikuwa ametembea sana.

Bibi aliniambia nisisogee kwenye maji yale. Aliposimama kuzungumza na mjomba, ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya kuja nyuma kututazama, mimi nilisogea. Nilitaka kuona uso wangu, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba maji meusi huonyesha vizuri kuliko maji meupe. Niliweka fimbo yangu chini, nikainama, nikajiona na pengo langu. Nilipoinua kichwa hapakuwa na bibi, wala mjomba, wala majani. Ukungu ulikuwa umeshuka.

Hapo ndipo ilipotakiwa nikae chini. Sikukaa. Nilisikia fimbo ikigongwa, ko, ko, ko, nikajua ni bibi, nikaanza kuifuata sauti bila kuokota fimbo yangu, kwa hiyo sikuwa na cha kujibia. Nilitembea. Ikagongwa tena, mbele yangu, karibu zaidi. Nikafurahi, nikaharakisha. Nakumbuka nilikuwa nikitunga uongo wa kumwambia bibi, kwamba nilikuwa nimekwenda haja.

Ndipo nikasikia jina langu.

Liliitwa lote, kwa sauti ya bibi, si kwa nguvu sana, na lilitoka nyuma. Kama angeniita Somo, au kupaza neno lolote jingine, katika ukungu ule ningedhani ananihimiza na kuendelea kukimbia. Lakini jina lile, mahali pale, lilinifunga miguu. Nikasimama kama nguzo, nikaanza kulia, na sikuinua unyayo mpaka mkono wake uliponishika kisogoni. Tulikaa chini pamoja, amenikumbatia, mpaka upepo ulipoupeleka ukungu. Mbele yangu, mahali ambapo hatua yangu ya tatu au ya nne ingetua, hapakuwa na kitu. Ilikuwa genge, na chini kabisa mto ulionekana mwembamba kama uzi. Mwamba wa ng'ambo ulikuwa ukirudisha milio ya fimbo ya bibi. Nilikuwa nikiufuata mwangwi. Bibi alikuwa ameikuta fimbo yangu kidimbwini, akaona nyayo zangu matopeni zinaelekea wapi, akajua kwamba kila akigonga ananivuta gengeni.

Mjomba alitufikia akihema. Alikuwa amesikia. Alimtazama mama yake, akageuza uso. Yeye bibi alikuwa mtulivu. Alifungua kifundo cha kanga yake, akatoa unga kidogo, akaniongoza mpaka kidimbwini. Akakata ushanga wa kiunoni mwangu, ushanga niliovishwa siku niliyopewa jina, akautumbukiza majini na kunyunyiza unga juu yake.

"Jina lile si lako tena," akaniambia. "Kuanzia leo wewe ni Pili. Ukiitwa lile, usiitike, hata nikikuita mimi."

Nililia kwa uchungu kuliko nilivyolia gengeni. Niliona nimeadhibiwa. Kwa kuchungulia maji tu, nimenyang'anywa jina, nimenyang'anywa hata somo yangu, maana kama hatuitwi sawa tena, sisi ni nini? Nilishuka mlima ule mpaka Matombo bila kumsemesha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema, lakini mimi guu lilikuwa zima na nikanuna kana kwamba limevunjika.

Tulifika jioni. Mdachi alipita na jiko lake kuelekea Morogoro, akamwachia mjomba kisu kizuri kwa kumwonyesha njia. Usiku wa tatu mama alishikwa na uchungu, mtoto akaja ametanguliza miguu, na wanawake waliokuwamo waliniambia baadaye kwamba ingekuwa mikono mingine, mama na mtoto wangezikwa pamoja. Mikono ilikuwa ya bibi. Kaka mdogo aliyezaliwa usiku ule alinizidi urefu, akala chumvi nyingi, na kaburi lake liko hapa Bigwa ninapoishi.

Bibi hakurudi Mgeta. Alisema baridi ya juu imemwingia kifuani. Alikuwa akikohoa, lakini alikuwa mchangamfu, akimwonyesha mama mbegu zipi za kuweka na dawa zipi za kuchimba, kama mtu anayefunga mizigo bila haraka. Mimi aliniita Pili. Wakati mwingine niliitika, mara nyingi sikuitika. Siku moja alinyoosha mkono nimsaidie kuinuka, akasema, "Pili, bado tu umekasirika?" Nilimwinua, lakini sikumjibu. Alifariki mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Mwaka haukuisha.

Nilikuja kuelewa nikiwa mwanamke, nina binti yangu mwenyewe mgongoni. Mjomba alikuwa amezeeka, bado tukimtania kwa jina la Sufuria. Nilimwambia kwamba kitu kimoja sikumsamehe bibi, kuninyang'anya jina.

"Mwanangu, mlima ulikuwa umesikia jina," akasema. "Jina lilikuwa na watu wawili. Mlima ungechukua yupi? Mama yangu alikuvua wewe, ili abaki yeye mmoja."

Niliingia ndani nikakaa gizani na mtoto wangu. Tangu siku ile nimekuwa nikimwitikia bibi peke yangu, jikoni, shambani, popote: abee. Najua amechelewa kuitikiwa. Daktari wa siku hizi atasema ni kifua, ni baridi na umri, na mimi sina ugomvi naye. Inawezekana mlima hausikii kitu. Lakini bibi aliamini kwamba unasikia, aliamini kuliko mtu yeyote niliyemjua, na kwa kuamini hivyo akafungua kinywa akaita. Sikumpenda hata nusu ya alivyonipenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tangu alipofariki, hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyepewa jina lile. Watu waliliogopa. Wengi waliolijua wamekwisha kufa, na nikiondoka mimi litakuwa limeondoka nami. Sasa mwezi uliopita mjukuu wangu alijifungua binti, mzima, mwenye sauti ya kuvunja vyungu. Walikuja hapa Bigwa, shikamoo bibi, wakaniwekea mtoto mapajani, wakaniomba jina. Niliwaambia wanipe siku mbili. Nilizitumia kutazama mlima kutoka uani kwangu, na ukungu ukipanda na kushuka kama kawaida yake.

Siku ya tatu niliwapa jina la bibi. Nilimnong'oneza mtoto sikioni kwanza, kisha wao. Wamelipenda, wanasema ni la kizamani lakini tamu. Niliwapa na sharti moja, wakacheka, wakidhani ni mambo ya uzee, ila wameniahidi. Siku yoyote watakayopanda naye mlimani, wakafika kwenye ile miti yenye ndevu, na ukungu ukawashukia na mtoto asionekane, wasigonge fimbo. Wamwite kwa sauti, na wamwite Pili.