Magari ya Laini ya Chini

Fundi wa magari ya kuchezea huyeyusha sufuria zilizotoboka nyuma ya nyumba yake, kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa chai karibu na Mogogosiek, na kuzimimina katika kalibu za mchanga. Alianza na trekta, kisha lori la majani ya chai. Kila gari likipoa, hulisukuma sakafuni kwa kidole akinguruma kama injini. Tangu mashine za kuchuma chai zije, majirani wamehama mmoja mmoja. Jumamosi Dolphine, wa mwisho mwenye mtoto, alikuja kuaga.

"Sasa utamtengenezea nani, fundi?"

"Hili ni la msichana wako," fundi akasema, akiinua lori jipya.

"Si ulishampa moja, mzee?"

"Mwambie akuje nimwonyeshe vile mlango wa nyuma unafunguka."

Msichana akaja. Fundi alimweleza polepole. Pikapu iliyobeba vitanda vyao ikapiga honi, naye fundi akaanza kueleza upya.