Mnyororo Uliokunjwa na Dada Asiyeguswa

Kwetu Kasulu salamu haina haraka. Mtu akikukuta asubuhi anapiga makofi taratibu, anainama kidogo, anasema "Mwakeye", kisha ananyoosha mikono akushike juu kidogo ya viwiko, nawe umshike vivyo hivyo. Mkishashikana ndipo mnaulizana habari: za nyumbani, za watoto, za mihogo, za mbuzi aliyepotea juzi. Mgeni kutoka mjini huchoka mapema na kuanza kutazama simu. Sisi tunamwona hajalelewa.

Dada yangu alisalimiwa kwa makofi tu.

Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mwaka mzima unaweza kukuacha utembee na kucheka kama wengine, halafu baridi ya Juni ikiingia unakuangusha. Utotoni alilazwa Kabanga mara nyingi, hata tulipopita nje ya hospitali alikuwa akinionyesha dirisha "lake". Siku moja, akiwa ameanza kuumwa bila yeyote kujua, mgeni mmoja alimshika mikono kwa salamu ya kawaida, kwa nguvu ya mkulima. Dada alipiga kelele ambayo mama hakuisahau. Tangu siku ile mama akaweka sheria ya nyumba: huyu haguswi. Wageni walielezwa mlangoni. Walipiga makofi kwa mbali, wakainama, wakarudisha mikono yao. Nami niliyemfuata kuzaliwa nilikua nikijua kwamba dada ni wa kutazamwa, kama vile sahani za wageni kabatini. Mama alifanya hivyo kwa mapenzi. Sikuwahi kuwa na shaka na hilo, wala dada hakuwa nayo.

Alikuwa mtani kupita kiasi. Nikimtembelea alikuwa akiniuliza, "Umeniletea nini, au umeleta kichwa hicho tu?" Alipokuwa mkubwa alihamia Kibondo, akapanga baraza la duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, akaweka cherehani yake pale na kushona vitenge. Mwenye duka alikuwa mstaarabu kweli, wa kumpelekea chai yenye tangawizi asubuhi za baridi. Lakini naye alikuwa ameshaelezwa. Alikuwa akiweka kikombe juu ya meza ya cherehani na kurudi nyuma hatua moja.

Mimi nilisoma, nikaishia kwenye kazi ambayo hadi leo mama huieleza kwa majirani kwa maneno "anahesabu vitu visivyoonekana". Hajakosea. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na mnyororo huo haukai umenyooka, hujikunja. Chukua rozari ya mama uifumbate kiganjani. Punje ya mwanzo na punje ya mwisho, ambazo kwenye uzi zimeachana mbali, sasa zinabanana ndani ya ngumi. Kazi yangu ni kupima ndani ya ngumi hiyo nani anamgusa nani. Wataalamu wengine wamekwishapata umbo la protini na kuandika mahali pa kila chembe. Mimi napima umbali kwa kompyuta, walio karibu vya kutosha nawaandika kuwa wanagusana, kisha nachora jedwali la miraba, mweusi penye mgusano. Majirani wa kwenye uzi siwahesabu, maana wao hugusana tu wapende wasipende. Wanaonivutia ni wale waliotoka mbali wakakutana.

Dada alijua kwamba protini ya damu ndiyo iliyomharibikia. Protini hiyo, himoglobini, ilikuwa na kipande kimoja kilichobadilika, cha sita kutoka mwanzo wa mmoja wa minyororo yake. Basi likizo moja akanidai.

"Wewe unayepima vidude vya ndani ya mwili, hebu nipimie huyo wangu wa sita. Nataka kumjua anamgusa nani."

Nilimfanyia. Nilifika Kibondo na kompyuta yangu, nikaiweka juu ya meza ya cherehani kati ya mkasi na vipande vya kitenge, nikamfungulia jedwali. Mistari mingine ilijaa miraba myeusi. Mstari wa kipande cha sita ulikuwa karibu mtupu. Kilikaa ukingoni, kwa nje, hakimshiki yeyote wa maana.

Dada aliinamia kioo cha kompyuta.

"Kumbe na yeye haguswi," akasema.

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Alirudi kwenye cherehani akaunga mkono wa gauni la mteja, na hatukulizungumza tena siku ile. Nilipanda basi la kurudi nikiwa na neno lake kichwani.

Kilichonisumbua kilikuwa rahisi. Kama hakimgusi mtu, kinamuumizaje dada? Niliirudia kazi yangu kwa hasira, kwa sababu mimi jibu lisiloeleweka huniharibia hata chakula. Ndipo nikaona kosa ambalo sisi wapima migusano hulifanya kila siku: nilikuwa nimefungua himoglobini moja, peke yake, nikapima ndani ya ngumi moja. Ndani ya damu haiko peke yake. Nikatafuta umbo lenye himoglobini mbili za ugonjwa huu zikiwa zimepangana, nikapima tena, safari hii kati ya moja na nyingine. Mstari wa cha sita ukajaa. Kipande kile kilichokuwa hakina mtu kilikuwa kimeingia kwenye kishimo cha jirani yake na kutulia humo. Jirani naye humshika mwingine, mwingine humshika mwingine, zikishaachia oksijeni zilizobeba zinakuwa kamba ngumu, na chembe ya damu inapinda kama mundu.

Nilishangilia peke yangu chumbani. Furaha hiyo haikufika mbali. Asubuhi yake ndani ya basi la Kibondo, abiria wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakiteremka Makere na mizigo yao, nilifikiria nilichobeba. Nilikuwa naenda kumwambia mtu aliyenyimwa mikono ya watu tangu utotoni kwamba ugonjwa wake ni kushikana. Angesema mama alikuwa sahihi siku zote. Angejifungia kabisa. Niliogopa, nikatamani basi liharibike. Halikuharibika, kwa vile siku ile ndiyo niliyotaka liharibike.

Nilimweleza hata hivyo. Kumdanganya sikuwa nimezoea. Alisikiliza, mguu ukiwa umesimama juu ya pedali ya cherehani.

"Kwa hiyo vinavyoniumiza ni vidude hivyo, huko ndani, vinavyong'ang'aniana."

"Ndivyo."

"Vyenyewe kwa vyenyewe."

"Ndiyo, dada."

"Mikono ya watu haimo."

Niliangalia jedwali kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Ukiwa unaumwa ungeumia, popote ukishikwa. Ila usipoumwa, haimo. Haijawahi kuwamo."

Alisimama, akajifuta nyuzi kwenye kanga.

"Leo siumwi. Nisalimie."

Nilipiga makofi, kwa mazoea, nikaishia hapo. Yeye alikuwa bado amenyoosha mikono.

"Mwakeye," akasema. "Nakungoja wewe, mdogo wangu."

Nikamshika. Mikono yake ilikuwa myembamba na ya joto. Aliniuliza habari za nyumbani, za mihogo, za kazi, akaniuliza hata habari za kompyuta. Nililia, naye akanicheka.

"Sasa bado mama," akasema.

Tulisafiri pamoja kwenda Kasulu mwisho wa juma. Mama alikuwa uani, akimenya mihogo. Alituona, akainuka, akapiga makofi kwa mbali na kuinama kama desturi ya nyumba. Dada alikwenda hadi mbele yake akanyoosha mikono.

"Mama, siumwi. Huyu amepima. Mikono haimo."

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye. Alijifuta viganja kwenye kanga, upande huu, kisha upande ule, ingawa vilikuwa vimekauka tayari.

"Nitakuumiza, mwanangu."

"Ego, ndiyo, labda. Nisalimie tu."

Alimshika kama anayeshika yai. Halafu akamshika vizuri. Salamu ile sikuisikia mwisho wake kwa sababu niliondoka nikaenda kuwasha moto, maana hakuna aliyekumbuka chakula.

Dada alifariki miaka michache baadaye, msimu wa baridi, na mama alikuwa amemshika. Nami bado napima, mara nyingi nikiwa Kasulu, dirishani, nimejifunika blanketi. Siku hizi sifungui molekuli moja bila kutafuta jirani yake. Na nikifika nyumbani mama ananipigia makofi, anainama, ananishika juu kidogo ya viwiko, na kuniuliza kila kitu hadi maswali yanamwishia. Yakimwishia haniachii. Nami simharakishi.