"Washeni Koili Zote": Jioni Mbinya Alipoijaribu Mashine ya Oksijeni Mukuru

Saa moja kasorobo jioni, Mbinya Kisilu amepiga magoti kwenye sakafu ya zahanati ndogo ya mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, sikio lake karibu na mashine ya oksijeni. Mashine inanguruma. Nje, mwenzake Kyalo anapita nyumba kwa nyumba akigonga mabati, watu wawashe majiko yao ya umeme.

"Washeni koili zote! Pasi, redio, kila kitu!"

"We kijana, kwani stima utatulipia wewe?" anauliza mwanamke mmoja, na ploti nzima ya vyumba vya kupanga inaangua kicheko.

Mbinya, mwenye miaka 23, yuko mwaka wa nne katika chuo kikuu kimoja jijini, akisomea uhandisi wa vifaa vya tiba. Kila Jumamosi yeye na wenzake wa chama cha wanafunzi wa kozi hiyo huzunguka zahanati za Eastlands wakitengeneza mashine zilizokufa. Hawalipwi hata senti. Siku ambazo hana masomo, Mbinya hufunga mabeseni katika kiwanda cha plastiki Industrial Area kwa shilingi 600 kwa siku. Hizo ndizo zinazomlipia nauli, na kumsaidia mamake kulipa kodi ya chumba chao Tassia.

Leo hakuna nafasi ya kukosea. Mkubwa wa zahanati amesema mashine ikizima tena, Jumatatu inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ana haki ya kukasirika. Chama kimeshindwa mara mbili.

Mara ya kwanza waliipeleka chuoni, wakabadilisha vichujio na pampu ya hewa. Ikafanya kazi siku nzima. Wakapiga picha, wakapongezana, wakairudisha. Jioni hiyo hiyo ikazima. Mara ya pili, vivyo hivyo.

"Nilianza kudhani ina mapepo," anasema Sista Asenath, muuguzi wa zahanati. "Chuoni inaimba, hapa inakufa."

Si jambo la mzaha. Mwezi uliopita mtoto wa Selpher Nabiswa, jirani anayeuza mboga, alibanwa kifua na nimonia. Sista alimwekea oksijeni, mashine ikanyamaza. Selpher akambeba mtoto kwa pikipiki hadi hospitali kubwa, akimwomba Mungu njia nzima. Mtoto alipona.

"Sikumlaumu mtu," anasema Selpher. "Lakini huyu msichana alikuja kwangu akalia kuliko mimi mwenye mtoto. Nikamwambia, wacha kulia, tengeneza."

Siku moja Mbinya alipitia zahanati akitoka kiwandani, saa ya watu kupika. Alikuwa ameifungua mashine wakati vitunguu vilipoanza kunukia kutoka kila nyumba. Taa ya juu ikafifia. Akatoa kipimo chake cha umeme, akakichomeka ukutani.

"Stima ilikuwa imeshuka vibaya," anaeleza. "Koili za ploti nzima zinavuta kwa waya mmoja na sisi. Pampu inalazimishwa kuzunguka bila nguvu, inapata moto, inazima. Ugonjwa haukuwa kwa mashine. Sisi tulikuwa tunaipima chuoni, mahali hakuna mtu anapika ugali!"

Wanachama wakachanga, wakanunua waya wa shaba, wakaunda sanduku la chuma linaloinua umeme ukishuka na kuupunguza ukizidi. La kwanza lilitoa moshi, wakakimbia nje wote. La pili ndilo hili, limekaa kando ya goti la Mbinya.

"Mbinya!" Selpher anapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta. "Nimewasha koili mbili na pasi! Tukiunguza hiyo kitu usinililie tena!"

"Ongeza, mama!"

"Kuna jamaa hapa ana spika kubwa!"

"Awashe!"

Muziki unalipuka. Balbu za ploti zinageuka nyekundu kama makaa. Ndani ya zahanati, sanduku linalia tak! na Mbinya anafumba macho.

Mashine haisiti. Inanguruma vile vile. Anapima hewa inayotoka kwenye mrija: oksijeni ni ya kutosha. Anangoja. Ugali wa watu unaiva, unapakuliwa, na bado mashine inapumua.

"Imekataa kufa!" anapiga kelele Kyalo.

Sista Asenath anapiga kigelegele. Majirani wanamiminika, wengine wakiwa na mwiko mkononi, Selpher mbele na mtoto mgongoni. Mkubwa wa zahanati, aliyesimama mlangoni muda wote mikono kifuani, anatamka neno moja tu.

"Haiuzwi."

Mbinya anamaliza chuo mwakani. Wenzake wengi wanatafuta kazi kwa kampuni zinazouza mashine mpya. Yeye anataka karakana yake Eastlands, yenye mafundi waliofunzwa na chama, na hataki kusikia habari ya ofisi mjini.

"Mashine ikiharibika hapa, itengenezwe hapa, na ijaribiwe hapa," anasema. "Mgonjwa wa Mukuru asibebwe kwa pikipiki kwa sababu ya pampu."

Anakusanya bisibisi zake aende nyumbani. Sista Asenath anamzibia njia, akikokota kutoka stoo mashine nyingine iliyojaa vumbi.

"Unaenda wapi, mhandisi, na hii sijakuonyesha?"

Mbinya anaitazama, anacheka, anakunja mikono ya shati.

"Kyalo," anaita, "rudi na tochi."