Étoile Yatafuta Winga

Étoile, timu ya mpira ya Fordsburg, Johannesburg, ilitafuta winga kwa karibu miaka miwili, na kama kuna timu iliyowahi kutafuta vibaya kuliko hiyo, mimi sijaisikia. Walimjaribu Burhani, muuza simu, ambaye mbio alikuwa nazo, ila mpira ukimfikia aliutazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Walimjaribu Hénock, mlinzi wa maduka, aliyetoka lindoni moja kwa moja mpaka uwanjani na kusinzia wima karibu na kibendera cha kona. Kila Jumapili walifungwa, mbili, tatu, siku nyingine tano, kisha wakapita kwa Clémentine kurudisha jezi chafu na kumwambia neno lile lile: "Shemeji, hakuna kama Gaston. Umsalimie."

Gaston alikuwa mumewe. Ndiye aliyevaa namba kumi na moja, ile ya winga, na sheria ya Étoile, tangu ilipoanzishwa na vijana wa Bukavu, Kongo, ni kwamba mfuko wa jezi hulala kwa mwenye kumi na moja. Kwake zinafuliwa, kwake zinaanikwa, na timu nzima hupita hapo kabla na baada ya mechi. Sijui nani aliitunga sheria hiyo. Pengine ni mtu aliyechoka kufua.

Mwanzoni mwa 2016 Gaston alikwenda Cape Town kutafuta kazi. Miezi sita tu, alisema. Miezi minne alipiga simu. Wa tano namba yake ikawa haipatikani, na haikupatikana tena. Clémentine hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mama yake yuko Bukavu na presha yake. Na wale wenzake wa saluni kule Newtown, ukiwapa siri asubuhi, mchana kila mteja anaondoka nayo pamoja na rasta zake. Kwa hiyo wachezaji walipouliza, alijibu, "Gaston anawasalimu. Anakuja Noeli." Noeli ikapita. "Anakuja Pasaka." Pasaka nayo ikapita, na Noeli nyingine juu yake.

Uongo nao unataka kulishwa kila siku. Alifika mahali akabuni mpaka mafua: wiki hii kifua kinamsumbua, kule baharini kuna baridi. Wachezaji wakasema pole, wakanywa chai. Walijaa ndani ya chumba chake kimoja, viatu vimerundikana mlangoni, wakibishana nani aliyepoteza mpira. Wakiondoka, Clémentine alibaki na jezi kumi na nne kwenye beseni na wiki nzima isiyo na mtu wa kumwita kwa jina lake. Saluni alisuka vichwa vya watu akijibu "eish" na "sharp" za wenyeji. Kiswahili chake chote alikiweka kwa ajili ya Jumapili. Alikuwa mpweke, nisikuzungushe.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, 2018, Jacques alipiga hodi. Jacques ndiye kapteni, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alikataa chai, na hapo Clémentine akajua kuna jambo.

"Shemeji, tumepata winga," alisema. "Safari hii kweli. Anaitwa Sidney, Mkenya, anafanya kazi benki. Akishika mpira, hata sisi wenzake tunasimama kutazama."

"Mungu asifiwe. Mwandikeni."

"Orodha ya ligi imejaa. Majina ishirini, na asiyecheza ni Gaston peke yake. Inafungwa leo saa kumi. Asipoandikwa, kuna timu ya Soweto inamchukua. Na sisi tukifungwa mara mbili tena, ligi inatutoa. Watu wamechoka. Kila mtu atashika njia yake." Alijitazama vidole. "Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe. Gaston anarudi lini?"

Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Angelisema tu, Jacques angeitikia na kwenda zake, na jina la mumewe lingebaki kwenye orodha. Na mwanamke ambaye jina la mumewe liko kwenye orodha, hata iwe ya mpira, bado hajaachwa. Lakini Étoile ingekufa, na ikifa, nani atapiga hodi hapa tena? Na akisema kweli, mfuko wa jezi unahamia kwa huyo Mkenya, na wanywaji chai wanaufuata. Huku hasara, huku hasara.

"Harudi," alisema. "Hajapiga simu tangu mwaka juzi. Nimewadanganya. Mfuteni."

Alingoja Jacques ashangae. Jacques hakushangaa.

"Tunajua, dada."

Hakumwita shemeji. Clémentine aliuliza, taratibu, "Mnajua nini?"

"Khatibu alimwona." Khatibu ni beki wao, dereva wa lori. "Alipeleka mzigo Cape Town, akamkuta anaishi na mwanamke mwingine, mjamzito. Akatuambia. Tukakubaliana tusikuaibishe. Tungesajili winga wa kweli, ingebidi apewe kumi na moja na Gaston afutwe, na ukisikia amefutwa ungejua kwamba tunajua. Basi tukawa tunaleta akina Burhani."

"Lini? Alimwona lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya Noeli."

Jacques alisema mfuko unaweza kubaki pale pale, hakuna atakayelalamika. Clémentine akasema sheria ni sheria, akamkabidhi jezi zote zikiwa zimekunjwa. Jacques akashukuru, akashuka ngazi.

Clémentine alikaa kitandani akingoja aibu, na aibu haikuja. Alijaribu kuwashukuru moyoni, maana si jambo dogo, watu wazima kukubali kufungwa Jumapili baada ya Jumapili ili mwanamke mmoja asione haya. Wapo ndugu wa tumbo moja wasioweza hivyo. Lakini machozi yalipokuja hayakuwa ya shukrani. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa ameibeba siri ile peke yake katikati ya watu walioijua, wamebanana chumbani mpaka magoti yanagusana. Wote walikuwa tayari kufungwa kwa ajili yake. Hakupatikana hata mmoja wa kubaki nyuma wenzake wakitoka, akae, amwambie.